Jana na Kesho Katika Kalamu ya Mtunzi

Mpenzi wa kusoma hukutana na wasimulizi watatu wa habari za wakati. Wa kwanza ni mwanahistoria, ambaye hueleza yaliyotokea na kutoa ushahidi wake. Wa pili ni mtunzi wa hadithi za kihistoria, ambaye huyachukua yaliyotokea akayatia sauti, hofu na machozi. Wa tatu ni mtunzi wa hadithi za kisayansi, ambaye huanza na elimu iliyopo, kisha akauliza: elimu hii ikizidi, binadamu atakuwaje? Wako wasomaji wanaomheshimu wa kwanza peke yake, na hao wawili wakawahesabu kuwa wapiga porojo. Kwa maoni yangu kila mmoja ana kazi yake, ilimradi msomaji ajue ni nani anayesema naye.

Tuchukue mfano wa Vita vya Maji Maji. Historia yatueleza kuwa mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na vita vikaanza. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe ambaye maji yake yaliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Izingatie tarehe hiyo, ndugu msomaji. Vita ndiyo kwanza vilikuwa vimeanza. Wapiganaji waliposhambulia boma la Mahenge tarehe 30 Agosti na kufyekwa kwa bunduki za rashasha, Kinjikitile alikwisha kufa. Hakuyaona maji yake yakishindwa na risasi, wala hakuiona njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala.

Sasa tuitazame tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Humo mganga yu hai baada ya watu wake kushindwa, na anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa kukiri kwake kungewafanya watoto wa kesho waamini kwamba hata kupigania haki kulikuwa kosa. Hilo ni swali ambalo Ngwale wa historia hakuwahi kuulizwa, maana kitanzi kilitangulia. Mtunzi aliyarefusha maisha ya shujaa wake ili swali lipate mtu wa kulijibu. Wala hakutughilibu, kwani katika utangulizi alibainisha kuwa Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia.

Lakini kijana aliyesoma tamthilia peke yake hupungukiwa na jambo zito. Hatajua kwamba vita viliendelea hadi mwaka 1907 ilhali mwanzilishi wake alikwisha kunyongwa siku za mwanzo kabisa. Watu wenyewe ndio waliovibeba. Kuna funzo la taifa katika tarehe ile moja, nalo tutalikosa tukiacha sanaa ichukue mahali pa kumbukumbu. Ndiyo sababu kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliokwenda vijijini mwaka 1968 kukusanya masimulizi ya wazee wa Maji Maji, ni ya thamani isiyopimika. Mzee akifa bila kuulizwa, hakuna mtunzi awezaye kumbuni akawa shahidi.

Na hadithi za kisayansi je? Mwaka 1898 Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu kuhusu viumbe wa sayari ya Mirihi wanaoivamia Uingereza kwa silaha zisizozuilika. Mwanzoni mwa kitabu aliwakumbusha wenzake jinsi wenyeji wa Tasmania walivyoangamizwa na wahamiaji kutoka Ulaya. Mwaka huo huo, huku kwetu, Mkwawa wa Uhehe alijiua kwa risasi asije akatiwa mikononi mwa Wajerumani, ambao miaka minne nyuma walikuwa wameiteka ngome yake ya Kalenga kwa mizinga. Kwa msomaji wa London, uvamizi wa namna ile ulikuwa njozi ya kutisha. Kwa Mhehe ulikuwa habari ya juzi. Basi hadithi ya mambo yasiyokuwapo yaweza kumwonyesha mwenye nguvu dhuluma ambayo hakutaka kuisoma katika historia.

Lugha yetu si ngeni katika njia hiyo. Shaaban Robert aliijenga Kusadikika, nchi inayoelea angani, mwaka 1951, na watawaliwa wakaitambua dhuluma ya ardhini. Katama Mkangi wa Kenya, katika Walenisi ya mwaka 1995, alimrusha mtu aliyehukumiwa kufa hadi nchi nyingine iliyo na haki kuliko alikotoka. Hata hivyo vitabu vya namna hii bado ni vichache, wakati vya kihistoria vinazidi kupatikana.

Upungufu huo si mdogo. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga, na hakika anayenyang'anywa jana yake hupotea. Lakini na yule asiyethubutu kuibuni kesho yake ataikuta imekwisha kubuniwa na wengine, naye amepangiwa humo kazi ya kubeba mizigo. Watunzi wetu na waende kwanza kwa wazee, wakasikilize. Kisha waikabili kesho bila woga, wakijua wametoka wapi.