Joto la Mtambo na Feni Yake

Msomaji, bila shaka umepata kuona lori limesimama kando ya njia mlimani, boneti imeinuliwa, mvuke wapanda hewani, na dereva ameketi kivulini akingoja. Wapitao husema, "Gari limechemka." Maneno hayo ni mafupi, lakini nyuma yake iko habari ndefu ya watu walioshindana na moto waliouwasha wenyewe. Yafaa tuifuate habari hiyo, kwani itatufunza pia namna ya kutafuta chanzo cha jambo.

Mtambo wa motokaa hupata nguvu kwa kuunguza petroli ndani ya silinda. Sehemu tu ya nguvu ya moto huo huzungusha magurudumu. Nyingi yake ni joto tupu, nalo lisipoondolewa, chuma hutanuka, mafuta hupoteza utelezi wake, na mtambo hukwama. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1888, Bertha Benz, mkewe Karl Benz, alichukua motokaa iliyotengenezwa na mumewe, akasafiri na wanawe wawili kutoka Mannheim hata Pforzheim, katika nchi ya Ujerumani, mwendo upatao kilometa 100 na zaidi. Gari lile lilipozwa kwa maji yaliyochemka na kupotea hewani. Ikambidi mama yule asimame mara kwa mara njiani kutafuta maji mengine.

Aliyeleta dawa iliyo bora ni fundi Mjerumani, Wilhelm Maybach. Motokaa ya Mercedes, iliyoshangaza watu katika mashindano ya Nice, Ufaransa, mwezi wa Machi mwaka wa 1901, ilikuwa na rejeta ya namna mpya mfano wa sega la nyuki. Ilikuwa na mirija midogo 8,070. Hewa ilipita ndani ya mirija, na maji yakapita nje yake. Maji yalipoa upesi, hata lita 9 tu zikatosha. Nyuma ya rejeta Maybach aliweka feni, maana alijua kwamba gari liendalo polepole halipati upepo wa kutosha.

Kwa miaka mingi baadaye feni nyingi zilizungushwa na mtambo wenyewe kwa mkanda. Hebu fikiri kasoro yake. Gari linapokwama katika msongamano wa mjini, mtambo huzunguka polepole, na feni vilevile, ingawa hapo ndipo upepo unapohitajiwa. Gari linapokwenda mbio, feni nayo huenda mbio na kula nguvu bure, ingawa upepo wa njiani watosha. Ni kama mtumishi alalaye wakati wa kazi, na kuamka kazi ikiisha.

Mwezi wa Machi mwaka wa 1961, katika maonyesho ya magari ya Geneva, Uswisi, kampuni ya Jaguar ya Coventry, Uingereza, ilionyesha gari jipya la michezo lililoitwa E-type. Umbo lake lilichorwa na Malcolm Sayer, aliyewahi kufanya kazi ya ndege. Lilikuwa refu, jembamba, na mdomo wake ulikuwa mdogo ili lipenye hewa bila kizuizi. Ilisemwa kwamba laweza kwenda maili 150 kwa saa, yaani kilometa 240 hivi. Feni yake haikufungwa mkanda. Ilizungushwa na mota ya umeme. Swichi iliyoonja joto la maji ndiyo iliyoiamuru izunguke au itulie. Mtumishi sasa alijua saa ya kazi.

Lakini kila faida ina gharama yake. Mdomo ule mdogo uliofaa katika mbio ulileta taabu gari liliposimama. Hapo maisha ya mtambo yalitegemea feni moja, nayo feni ilitegemea waya, fyuzi na swichi. Kifuniko cha silinda kilikuwa cha aluminiamu, na chini yake chuma. Aluminiamu hutanuka kuliko chuma, hivyo joto likizidi kifuniko huweza kupinda na gasketi kuungua. Mwaka wa 1968 kampuni ilipanua mdomo wa gari na kutia feni mbili.

Magari hayo yaliyosalia sasa yamepita umri wa miaka 50, na mara nyingi feni zake hukataa kuzunguka. Mtu mwenye pupa hununua mota mpya siku ileile. Fundi mwenye akili huuliza swali moja baada ya jingine. Kwanza hungoja mtambo upoe, maana kufungua kifuniko cha rejeta yenye moto ni kujiunguza. Kisha hutazama fyuzi. Ikiwa nzima, huwasha ufunguo bila kuwasha mtambo, akaziunganisha nyaya mbili za swichi ya joto, mikono yake ikiwa mbali na feni. Feni ikizunguka, mota haina kosa. Swichi ndiyo iliyokufa. Isipozunguka, huleta umeme moja kwa moja kutoka betri hadi kwenye mota. Ikizunguka sasa, kosa limo njiani: waya umekatika, au kiungo kinachorudisha umeme kwenye bodi ya gari kimeshikwa na kutu. Ikiwa hata hivyo haizunguki, ndipo aihukumu mota.

Angalia, msomaji, kwamba fundi huyo hakuhukumu kwa kukisia. Aliigawa njia ya umeme sehemu sehemu, akaipima kila moja, na kuacha ile iliyojionyesha kuwa njema. Nawe utakapoulizwa darasani kwa nini dola fulani ilianguka, au kwa nini njaa iliingia katika nchi, usikamate sababu ya kwanza uionayo. Yapime mambo moja moja kwa utaratibu, ndipo utoe hukumu. Asiyefanya hivyo hununua mota mpya, kumbe kilichokufa ni fyuzi.