Jina la Kuazima: Habari za Kubandwa na za Mchezo wa Portia

Katika nchi ya Karagwe na Kyerwa, na ng'ambo ya mto Kagera katika Rwanda, palikuwa na desturi ya kale iitwayo kubandwa, yaani ibada ya Wachwezi. Embandwa alishikwa na mzimu wa Wamara, au Mugasha, au Ryangombe, naye akanena kwa sauti ya huyo mzimu, na watu wakamheshimu kama ndiye.

Twapenda kuangalia hasa habari za wanawake. Siku zote mwanamke alikuwa chini ya baba, kisha chini ya mume. Walakini akiisha kushikwa na mzimu wa kiume, aliweza kuvaa mavazi ya kiume, kushika mkuki, na kuketi juu ya kiti mbele ya wanaume. Huko Rwanda waliigiza Ryangombe na wenzake, wakatoa hata maneno yaliyokatazwa nyumbani. Ibada ikiisha, mkuki uliwekwa chini, na mwanamke akarudi mekoni.

Mapadre Weupe, waliofika Buhaya mwaka 1892, walikataza mambo hayo, nasi tuliolelewa misioni tukairithi hukumu yao. Hatusemi walikosea, maana Mkristo haabudu mizimu. Lakini, je, tulipata kuuliza ni mzigo gani uliomfanya mwanamke atamani jina la kuazima?

Swali hilohilo twalicheka darasani tusilitambue. Katika Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare uliofasiriwa na Julius Nyerere na kutolewa mwaka 1969, Portia amefungwa na wasia wa marehemu baba yake: hana ruhusa ya kuchagua mume wala kumkataa, ila masanduku matatu ndiyo yaamuayo. Basi binti huyu avaa joho la mwanasheria, aingia barazani, amwokoa Antonio. Mumewe mwenyewe hamtambui, hata ampa pete aliyoapa kutoivua. Wanafunzi hucheka sana. Kisha Portia arudi kwake, awa mke.

Hapana shaka mambo haya mawili si mamoja: embandwa aliabudu, Portia achekesha. Walakini yote mawili yashuhudia neno moja. Joho halikumpa Portia akili. Akili alikuwa nayo tangu zamani. Joho lilimpa nafasi tu. Kadhalika mkuki.

Basi, ndugu walimu na mapadre, tufundishapo mchezo huo, tusiishie katika kicheko. Tuwaulize wasichana wetu wangependa kunena nini pasipo joho, kisha tunyamaze, tuwasikilize.