HISTORIA YA VITU VYA NYUMBANI, SEHEMU YA 5: Msumeno uliozaliwa leba ukafika Urambo

Leo nesi wenu anaongelea msumeno wa moto, au chenso. Najua mnashangaa. Lakini huku Tabora chenso inalisha familia nyingi, na siku hizi vijana wanatoboa ekzosi "ipate nguvu" na kufunga meno makubwa mbele. Kabla mume hajampelekea fundi, someni wote wawili.

1️⃣ ULIANZIA LEBA
Mnyororo wenye meno haukubuniwa kwa ajili ya miti. Miaka ya 1780 huko Scotland, madaktari John Aitken na James Jeffray walitengeneza mnyororo mdogo wenye meno, una mpini kila upande, unavutwa kwa mikono huku na huku. Jeffray aliutaka kwa mifupa iliyooza. Aitken aliutaka kwa mama ambaye mtoto amekwama: unakatwa pale mifupa ya nyonga inapoungana kwa mbele, njia ipanuke. Na hapo hakuna dawa ya usingizi! Etha ilikuja kutumika kwenye upasuaji mwaka 1846. Upasuaji wa tumbo nao Ulaya wakati ule ulikuwa karibu sawa na kifo cha mama. Jamani, tukilalamika foleni ya kliniki tukumbuke tulikotoka.

Msumeno wa mnyororo wa kukatia miti ulikuja baadaye sana. Mjerumani Andreas Stihl alitoa wa umeme mwaka 1926, na mwaka uliofuata Emil Lerp akatoa wa petroli. Ilikuwa mizito, unabebwa na watu wawili.

2️⃣ NJIA YA MISAFARA
Wakati huo Tabora tulikuwa na shoka. Burton na Speke walipofika Kaze mwaka 1857, wahunzi wa Kinyamwezi walikuwa wakifua majembe yaliyouzwa mbali. Wapagazi wakipiga kambi, wanakata miti na miiba kuzungushia boma. Tembe kama lile la Kwihara alilokaa Livingstone lilisimama kwa udongo na nguzo, paa bapa juu yake. Mti uliangushwa kwa mkono, basi ulikatwa ule unaohitajika tu.

Ukaja msumeno wa shimo: gogo la mninga linawekwa juu ya shimo, mtu mmoja juu, mwingine chini anakula vumbi la mbao. Kazi ngumu, lakini mnaongea na mnasikizana.

3️⃣ URAMBO
Mwaka 1947 Waingereza wakaleta mpango wa karanga: Kongwa, Nachingwea, na kwetu Urambo. Matrekta yaling'oa miombo, fedha nyingi zikateketea, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Baadaye Urambo ikawa nchi ya tumbaku, na mabani ya kukaushia tumbaku yanakula kuni. Kuni, mbao, mkaa: chenso ikapata kazi.

4️⃣ EKZOSI INAFANYA NINI?
Ile boksi ya bati haiko pale kupunguza nguvu tu. Inapunguza kelele, inaelekeza moshi mbali na uso, na wavu wake unazuia cheche. Ukiitoboa, injini inapumua zaidi na nguvu inaongezeka kidogo. Ni kweli. Lakini kabureta isiporekebishwa, hewa inazidi mafuta. Na kwenye chenso oili imechanganywa humohumo kwenye petroli, kwa hiyo mafuta yakipungua, oili nayo imepungua. Pistoni inaungua, injini inanoki, na mtaji umekwisha. Ukitoa wavu, cheche moja kwenye nyasi za Agosti inatosha kuchoma msitu na mizinga ya nyuki ya jirani.

Sasa masikio. Sauti ya desibeli 85 mtu anaivumilia saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama unakatika nusu. Kwenye 100 zimebaki dakika 15 tu, na chenso nyingi zinazidi hapo hata ekzosi ikiwa nzima. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Ndiyo baba anayeongeza sauti ya redio kila mwezi, na usiku hasikii mtoto akilia.

5️⃣ MENO YA MBELE
Haya siyapingi. Yanauma gogo, msumeno unaegemea hapo, mikono haichoki haraka na mashine haivutwi mbele ghafla. Kwa mti mnene na mgumu yanasaidia. Yawe saizi ya mashine hiyo, boliti zikazwe, yasiguse mnyororo. Lakini hayazuii ncha ya msumeno kurusha mashine usoni ikigusa tawi. Breki ya mnyororo iwe inafanya kazi, kila siku.

6️⃣ NYUMBANI KWAKO
✅ Baba avae vizuia kelele na miwani. Ekzosi abaki nayo nzima. Nguvu aitafute kwenye mnyororo ulionolewa vizuri.
✅ Mjamzito akae mbali na mashine. Mtoto tumboni anasikia, na pamba ya masikioni kwako haimkingi yeye.
✅ Usiwashe chenso ndani ya nyumba au stoo. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua.
✅ Petroli USIIWEKE kwenye chupa ya soda au maji. Mtoto akinywa, usimtapishe, usimpe maziwa, mkimbize hospitali.

Yule daktari wa Scotland alitafuta namna ya kumtoa mtoto hai. Mashine iliyotokana na wazo lile isije ikatuumizia watoto nyumbani.

Mtumie mwenye chenso. Sehemu ya 6: jiko la mkaa na kifua cha mtoto.