Damu ya Waliopona

Wasomaji wengi wa Beni wawakumbuka akina mama wale waliolea watoto wachanga karibu na kituo cha matibabu ya Ebola, mwaka 2018 na 2019. Mama mzazi yuko ndani, hajiwezi. Mtoto hana wa kumbeba, na hata baba yake amekatazwa kumgusa. Waliompokea mtoto huyo ni wanawake waliokwisha kuugua Ebola wakapona, wale walioitwa washindi. Wao hawakuogopa kama wengine, kwa kuwa damu yao ilikuwa imekwisha kumjua adui.

Damu ya mtu aliyepona ina askari wake. Wataalamu huwaita kingamwili. Kila askari ameumbwa amshike adui mmoja tu, kama ufunguo na kufuli lake. Tangu mwaka 1890, Behring Mjerumani na Kitasato Mjapani walionyesha ya kuwa maji ya damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya ugonjwa yaweza kumkinga mwingine. Toka hapo waganga wamejiuliza: je, askari hao hawawezi kupigana na kansa pia? Sehemu kubwa ya jibu ilipatikana jirani na kwetu, ng'ambo ya mlima Ruwenzori.

Mwaka 1957, mganga mpasuaji Denis Burkitt, mwenyeji wa Ireland, alionyeshwa mtoto katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Baadaye akaona mwingine, na mwingine tena. Mwaka 1958 aliandika juu ya uvimbe huo, na mwaka 1961 akafunga safari kwa motokaa kuukuu pamoja na wenzake wawili, Williams na Nelson, yapata kilometa 16,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali, nyingi zikiwa za misheni: mmewaona watoto wa namna hii? Aligundua kwamba ni ugonjwa wa nchi ya joto na mvua. Karibu na ikweta ni shida kuuona juu ya mita 1,500. Tukiipima nchi yetu kwa fimbo hiyo, basi ni ugonjwa wa bonde la Semliki kuliko wa milima ya Lubero.

Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alitoa maelezo yake London, na kijana mtaalamu aitwaye Epstein akamsikiliza. Vipande vya uvimbe vikapelekwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona ndani yake virusi visivyojulikana bado. Kisha, mwaka 1966, Clifford wa Nairobi pamoja na George na Eva Klein wa Stockholm waliandika jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote: maji ya damu ya baadhi ya watoto hao yalizishika chembe za kansa yao wenyewe. Askari walikuwapo. Ila hawakutosha.

Shida ilikuwa hii: damu ya mtu ni kama kapu la maharagi yaliyochanganyika, na mganga ataka mbegu ya namna moja tu, kwa wingi. Mwaka 1975, huko Cambridge, Köhler na Milstein waliunganisha chembe itengenezayo kingamwili na chembe ya kansa, ambayo huzaana bila kuchoka. Kansa ikafungwa nira, ikazaa askari wa namna moja pasipo mwisho. Kwa kazi hiyo walipata tuzo ya Nobel mwaka 1984. Mwaka 1997 Marekani iliruhusu rituximab, kingamwili ishikayo alama iliyo juu ya chembe za kansa ya tezi, ambayo ni ndugu wa ile ya Burkitt. Mwaka 2017 ikaruhusiwa njia nyingine tena: chembe za ulinzi hutolewa katika damu ya mgonjwa, hutiwa jeni mpya, yaani andiko jipya la urithi, ili zimtambue adui, kisha hurudishwa mwilini. Na Oktoba 2018 Allison na Honjo walipewa tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jinsi ya kuzifungua breki zinazowazuia askari hao kuishambulia kansa.

Oktoba hiyo hiyo, sisi wa Beni tulikuwa tukizika.

Ebola ilitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018. Lakini dawa yake ina mizizi Kikwit, mwaka 1995, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire. Huko wagonjwa 8 walitiwa damu ya waliopona, na 7 kati yao wakaishi. Wako waliosema kwamba hesabu ya watu 8 ni ndogo mno, tena baadhi yao pengine wangepona hata hivyo. Neno hilo ni la haki. Lakini Profesa Jean-Jacques Muyembe hakuiacha fikira yake. Mwaka 2006 ilichukuliwa damu ya mtu aliyepona Kikwit, ikaonekana askari bado wamo baada ya miaka 11. Wataalamu wa Marekani, Uswisi na Kongo wakamchagua mmoja aliye hodari, wakamzidisha maabarani, na mwaka 2016 wakaitangaza habari yake. Dawa ikaitwa mAb114.

Tangu Novemba 2018 dawa 4 zilijaribiwa kwa kura katika Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Watu waliona mashaka, wala si kwa ujinga tu. Mauaji ya usiku yaliyoanza mwaka 2014 hayakuwa yameletea Beni magari mengi namna ile, na uchaguzi wa Desemba 2018 ulipofanyika kwingine, kwetu uliahirishwa kwa sababu ya ugonjwa. Hata watu wakasema Ebola ni biashara. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, aliuawa Butembo akiwa kazini.

Hata hivyo wagonjwa 681 waliingia katika jaribio. Agosti 2019 lilisimamishwa kabla ya wakati, maana jibu lilikuwa wazi. Kwa dawa iitwayo ZMapp walikufa karibu 50 kati ya 100. Kwa mAb114, 35. Kwa REGN-EB3, ambayo ni kingamwili 3 pamoja, karibu 34. Na waliopewa mojawapo ya hizo mbili mapema, virusi vikiwa vichache mwilini, walikufa yapata 10 au 11 tu kati ya 100. Mwaka 2020 Marekani iliziruhusu zote mbili. Ulimwengu umelijua hilo kwa wagonjwa wa Kivu na Ituri.

Na kansa je? Ebola hupanda ndege. Uvimbe wa taya wa mtoto wa Semliki haumtishi mtu wa Geneva. Mwaka 2020 ilichapishwa habari ya watoto wa Ulaya, Amerika ya Kaskazini, Australia na Hong Kong waliokuwa na kansa ya jamii ya Burkitt iliyokwisha kuenea. Waliopewa rituximab pamoja na dawa za zamani, 94 kati ya 100 walitimiza miaka 3 bila ugonjwa kurudi, wasiopewa, 82. Mtoto wetu, akifikishwa mapema, huanziwa cyclophosphamide, ambayo Burkitt na wenzake waliitumia Kampala miaka ya 1960. Si dawa ya kudharauliwa, yawaponya wengi. Lakini hiyo nyingine bei yake ni kubwa, na wachache ndio wawezao kukisoma kipande cha uvimbe na kusema ni kansa gani.

Kuitoa si kazi ngeni kwetu. Rituximab yatunzwa katika baridi na kutiwa polepole kwa mshipa wa mkono, saa baada ya saa, muuguzi akimwangalia mgonjwa asitetemeke. Ndivyo walivyofanya wauguzi wa Beni, Mangina, Katwa na Butembo, wamevaa mavazi yale ya joto, na usiku mwingine risasi zikilia.