Sakafu ya Atomu: Utando wa Oksidi Ulivyopata pa Kuota

Mwaka 1928, mtaalamu wa madini wa Ufaransa, Louis Royer, alichapisha uchunguzi wake kuhusu fuwele zinazoota juu ya fuwele nyingine. Fuwele changa haijipangi ovyo. Hufuata mpangilio wa ile iliyoitangulia, mradi nafasi kati ya atomu zao zikaribiane. Mwaka 1949, Charles Frank wa Uingereza na Jan van der Merwe wa Afrika Kusini walionyesha kwa hesabu kuwa tabaka la kwanza huweza hata kujivuta au kujibana ili lilingane na lililo chini yake.

Oksidi zilivuma baada ya mwaka 1986, Georg Bednorz na Alex Müller walipogundua, karibu na Zürich, oksidi ya shaba inayopitisha umeme bila ukinzani kwenye nyuzijoto ambazo hazikuwahi kufikiwa. Mwaka uliofuata, watafiti wa Marekani walikuwa wakiipiga oksidi ya jamii hiyo kwa leza ndani ya chemba. Mvuke wake hung'aa kama mwali, kisha hutua kwenye kipande cha fuwele kilichopashwa moto, tabaka juu ya tabaka.

Leza ndiyo iliyosifiwa. Kwa maoni yangu, sifa kubwa zaidi inastahili kile kipande kinachopokea utando. Mara nyingi ni strontiamu titaneti, ambayo ndani yake tabaka la oksidi ya strontiamu hupishana na la oksidi ya titaniamu. Ikisuguliwa tu, uso wake hubaki mchanganyiko wa hayo mawili, na utando huanza kwa vurugu. Mwaka 1994, Masashi Kawasaki na wenzake nchini Japani waliiosha kwa asidi ya floridi iliyopimwa ukali wake kwa uangalifu. Oksidi ya strontiamu ikayeyuka, ya titaniamu ikabaki. Ikatokea ngazi pana, bapa kabisa, kila kidato kikiwa na kimo cha nanomita 0.4 hivi.

Thamani ya usafi huo ilidhihirika mwaka 2004. Akira Ohtomo na Harold Hwang waliotesha lanthanamu alumineti juu ya strontiamu titaneti. Zote mbili hazipitishi umeme. Lakini uso wa chini ulipokuwa wa titaniamu, umeme ulipita zilipokutana; ulipokuwa wa strontiamu, haukupita. Tabaka moja la atomu ndilo lililoleta tofauti hiyo.