Misalaba Mitatu Katika Bendera Moja

Hakuna taifa lisilopenda bendera yake. Kitambaa ni kitambaa tu, walakini kikipandishwa mlingotini watu husimama wima, na askari huwa tayari kukifia. Jambo hili si baya. Mtu asiyeipenda nchi aliyozaliwa hutazamiwaje kuziheshimu nchi za wengine? Lakini historia yatufundisha kwamba mapenzi hayo yaweza kugeuzwa kuwa fimbo ya kumpigia mgeni, na mara nyingine fimbo hiyo hushikwa na watu wanaojiita Wakristo. Natutazame habari za Waingereza, ambao bendera yao wazee wetu waliijua sana, maana ilipepea Tanganyika hata mwaka wa 1961, na Kenya hata mwaka wa 1963.

Bendera hiyo ni misalaba mitatu iliyowekwa pamoja. Msalaba mwekundu katika uwanja mweupe ni wa Mtakatifu George wa Uingereza. Msalaba mweupe wa mshazari katika uwanja wa buluu ni wa Mtakatifu Andrea wa Uskoti. Hiyo miwili iliunganishwa mwaka wa 1606. Na mwaka wa 1801 ukaongezwa msalaba mwekundu wa mshazari, ndio wa Mtakatifu Patrick wa Ireland. Basi, watu hawa watatu walikuwa nani? George, kwa mapokeo, alikuwa askari wa Dola ya Rumi, na asili yake ni pande za Asia Ndogo na Palestina; wala hapana habari ya hakika kwamba alikanyaga Uingereza. Andrea alikuwa mvuvi wa Galilaya. Patrick alizaliwa Britania, akatekwa na maharamia alipokuwa kijana wa miaka kama 16, akapelekwa Ireland kuwa mtumwa wa kuchunga mifugo. Akatoroka, kisha akarudi kwa hiari yake kuwahubiri watu wa nchi ile ile aliyotumikishwa. Hivyo katika hao watatu hapana hata mmoja aliyezaliwa katika nchi inayomwita mlinzi wake.

Pamoja na hayo, chuki ya wageni ni jambo la zamani huko. Mwaka wa 1517, zamani za Mfalme Henry VIII, mafundi na wafanya biashara kutoka Ulaya bara walikuwa wengi mjini London. Mtu mmoja, jina lake John Lincoln, alimshawishi mhubiri aitwaye Bell, naye katika juma la Pasaka akasimama mbele ya makutano akawashitaki wageni kwamba wanakula chakula cha yatima na maskini, akawahimiza wenyeji wajilinde kama ndege alindavyo kiota chake. Neno likaingia katika vichwa vya vijana wanagenzi. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya Mei wakakusanyika kama elfu moja, wakavunja magereza, wakapora nyumba za wageni. Mfalme akaizima fitina kwa nguvu. Lincoln na wengine zaidi ya kumi wakauawa. Na mamia ya wafungwa wakaletwa mbele ya mfalme na kamba shingoni, wakasamehewa. Yasimuliwa kwamba aliyewaombea ni Malkia Catherine, naye mwenyewe alikuwa mgeni, binti wa Hispania.

Tusidhani kwamba maskini wa London walilalamika bila sababu. Kazi zilikuwa haba, na mwanagenzi aliona mgeni akiuza vitu vilivyotengenezwa vizuri kuliko vyake. Njaa yao ilikuwa ya kweli. Kosa la mhubiri ni kwamba alichukua njaa hiyo, akaielekeza kwa mtu asiye na ndugu mjini wa kumtetea, akalifanya jambo hilo katika sikukuu ya Ufufuo.

Haikupita miaka 40, Kanisa likaonyesha njia nyingine. Mwaka wa 1550 Mfalme Edward VI aliwapa Waprotestanti waliokimbia mateso ya Ulaya jengo la Austin Friars, London, wasali kwa lugha zao. Msimamizi wao alikuwa John à Lasco, mtu wa Poland. Kisha mwaka wa 1685 Mfalme Louis XIV wa Ufaransa akaitangua amri ya Nantes ya mwaka wa 1598, iliyowapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu. Watu wapatao laki mbili wakaikimbia Ufaransa, na kama 40,000 au 50,000 kati yao wakaingia Uingereza. Makanisani zikachangwa fedha za kuwasaidia. Hata leo, katika chumba cha chini ya kanisa kuu la Canterbury, wapo wanaosali kwa Kifaransa.

Wahenga wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wafaransa wale hawakungoja kupewa jembe. Walifuma hariri katika mtaa wa Spitalfields, wakawafundisha wenyeji ufundi wao. Benki ya Uingereza ilipoanzishwa mwaka wa 1694, gavana wake wa kwanza alikuwa John Houblon, ambaye ukoo wake ulikuwa wa wakimbizi waliotoka Lille.

Katika mtaa huo lipo jengo moja linalofaa kuwa kitabu cha historia. Wafaransa walilijenga mwaka wa 1743 liwe kanisa lao. Mwaka wa 1819 likawa la Wamethodisti. Mwaka wa 1898 likawa sinagogi la Wayahudi waliokimbia mateso ya Ulaya ya mashariki. Na mwaka wa 1976 likawa msikiti wa watu waliotoka Bangladesh. Kila kundi lilipofika lilinung'unikiwa, na kila kundi lilikaa.

Habari hizi zatuhusu sisi pia. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Kama 27,000 walikwenda Uingereza. Baraza la mji wa Leicester likatia tangazo katika gazeti la Uganda, likiwasihi wasije kwao. Wakaja hata hivyo, wakafungua maduka na viwanda, na leo Leicester wajulikana kwa kazi ya mikono yao. Kwa hiyo nchi yetu jirani iliwafukuza kwa jina la taifa, na mji ule uliogopa kuwapokea. Wala hapana upande uwezao kujisifu.

Katika mwaka wa 2025 bendera ya Mtakatifu George ilitundikwa katika nguzo za taa za miji mingi ya Uingereza, na tarehe 13 Septemba watu kati ya 110,000 na 150,000, kwa hesabu ya polisi, waliandamana London. Wengi wao walipinga kuja kwa wahamiaji, na wengine walibeba misalaba. Maaskofu kadhaa wakasema wazi kwamba haifai kuutumia msalaba kumfukuzia mtu. Taifa lina haki ya kulinda mipaka yake na kutunga sheria ya nani aingie. Jambo hilo Mkristo hana haja kulikana. Lakini Torati iliwaamuru Waisraeli wampende mgeni, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni Misri; na Mwokozi wetu alichukuliwa angali mtoto mchanga akakimbizwa nchi hiyo hiyo.

Basi, ninyi walimu wenzangu, mnapowafundisha watoto kuiheshimu bendera yetu, wafundisheni kwa moyo, wajue maana ya kila rangi. Kisha mtazameni yule mtoto aliyekaa nyuma ya darasa, ambaye wazazi wake walivuka mpaka na bado asema Kiswahili cha kubabaika. Kama wenzake wakiimba wimbo wa taifa huku wakimcheka, somo letu halijafika.