Mwanafunzi na Walezi Wawili

Mwezi wa Oktoba 1825, Charles Darwin, kijana wa miaka 16, alifika Edinburgh kusomea udaktari. Masomo yale hayakumkaa moyoni. Mihadhara ilimchosha, na siku alipoona mtoto akipasuliwa pasipo dawa ya usingizi alitoka chumbani mbio. Elimu iliyomshika aliipata ufukoni, kwa Robert Grant, daktari aliyekuwa bingwa wa viumbe vya bahari.

Grant alimzoeza kuokota viumbe katika vidimbwi maji yanapokupwa, na kuvichungua kwa hadubini. Darwin akafuatana hata na wavuvi wa chaza wa Newhaven. Mapema mwaka 1827 aligundua mambo mawili. Vile vilivyodhaniwa kuwa mayai ya Flustra, mnyama aotaye mfano wa mwani, vilikuwa na vinyweleo, vikaogelea vyenyewe. Na vile vidonge vyeusi vilivyoonekana katika makombe ya chaza, watu wakidhani ni mwani mchanga, kumbe ni vifuko vya mayai ya ruba wa baharini.

Kijana alimkimbilia mlezi wake kwa furaha. Tarehe 24 Machi Grant aliyasoma mambo hayo mbele ya chama cha wataalamu; Darwin aliyasoma siku tatu baadaye, katika chama cha wanafunzi. Kweli Grant alipopiga chapa makala yake alimtaja kijana kwa habari ya ruba. Lakini jeraha lilikwisha ingia: Darwin alimsimulia binti yake kuwa hapo ndipo alipoujua kwanza wivu wa wataalamu.

Mwaka 1828 aliingia Cambridge kwa nia ya kuwa kasisi, akakutana na John Stevens Henslow, profesa wa elimu ya mimea. Walitembea pamoja hata wenyeji wakamwita Darwin yule atembeaye na Henslow. Siku moja Darwin aliona chembe za chavua zikitoa mirija, akaenda mbio kutoa habari. Jambo lile lilikuwa likijulikana zamani. Henslow hakucheka; alimsifu kwa kuliona, akamweleza maana yake, kisha akamfahamisha taratibu kuwa wengine walimtangulia. Kijana alitoka pale hana haya, ila ameazimia asifanye tena haraka.

Agosti 1831 Henslow ndiye aliyempendekeza kwa safari ya Beagle. Akapokea shehena za mawe, mimea na wanyama. Na mwaka 1835 akawasomea wataalamu wa Cambridge sehemu za barua za Darwin, akazipiga chapa kwa jina la mwandishi wake. Darwin aliporudi mwaka 1836, alikuta jina lake limetangulia bandarini.

Wote wawili walimfaa. Pasipo Grant, Darwin asingejua kuchungua. Lakini mwanafunzi hana mali katika elimu ila kile alichokiona mwenyewe. Naye Henslow aliilinda mali hiyo kama amana.